Nyumba janja isiyotegemea intaneti: tuanzie wapi sisi wa Mwanza na kando ya ziwa?

MLETA UZI

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa yule aliyenunua taa moja na soketi moja za waifai, akaziunga kwenye simu, na sasa anataka vitu vyote vya nyumbani viwe chini ya mfumo mmoja. Ni wa yule ambaye hajanunua kitu pia, na huyo ana nafasi nzuri zaidi kwa sababu hela yake bado iko mfukoni. Nitaongea kwa mazingira yetu: nyumba juu ya mawe, umeme unaokatika na kurudi, maji ya zamu, bando linaloisha katikati ya wiki, na radi za ziwani.

Kuna swali moja la kumuuliza muuzaji kabla hujalipa: intaneti ikizimika, kifaa hiki kitanisikia nikiwa ndani ya nyumba yangu? Vifaa vingi vya bei nafuu madukani hufanya kazi hivi: ukibonyeza "washa" kwenye simu, amri inaondoka sebuleni kwako Buhongwa, inakwenda kwenye seva ya kampuni ng'ambo, ndipo inarudi kwenye taa iliyo juu ya kichwa chako. Bando likiisha, taa haikusikii tena. Kampuni ikiamua kufunga seva, kifaa kinakufa kikiwa kizima. Hili limeshatokea. Mei 2016 kampuni ya Nest walizima huduma ya Revolv, kifaa cha kuongoza vitu vya nyumbani, na waliokinunua wakabaki na boksi lisilofanya lolote. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni nyingine ya vifaa janja, zikazimika ghafla, wateja hawakupewa hata taarifa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: weka kwanza ubongo wa nyumba, taa zitafuata. Ubongo wenyewe ni kompyuta ndogo inayokaa ndani, imewaka saa zote, ikipokea habari za sensa (vipimaji vya mlango, joto, mwendo na kadhalika) na kutoa amri kwa swichi bila kutoka nje ya geti. Programu ninayoipendekeza ni Home Assistant. Ilianzishwa mwaka 2013 na Paulus Schoutsen, ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na tangu 2024 inasimamiwa na taasisi isiyo ya kibiashara, Open Home Foundation. Ipo pia openHAB iliyoanza 2010, nayo ni nzuri, ila ukikwama usiku utapata majibu haraka zaidi kwa watumiaji wa Home Assistant kwa sababu ni wengi mno.

Kompyuta gani? Wengi wataanza na Raspberry Pi 4 au 5, kompyuta ya bodi moja ndogo, na inatosha kabisa. Lakini kwa huku kwetu mimi nachagua kompyuta ndogo za ofisini za mitumba, zile zenye ukubwa wa kitabu kinene. Sababu ni umeme. Pi nyingi huanza na kadi ya memori, na kadi ya memori haipendi kabisa kukatiwa umeme ikiwa inaandika. Itavumilia mara kadhaa, halafu siku moja mfumo hauwaki na kila ulichopanga kimepotea. Kama unayo Pi, iwekee diski ya SSD kupitia USB. Ukichukua ya mitumba, hakikisha inakubali kuwashwa kwa UEFI (mfumo wa kuwashia wa kompyuta za kisasa), ina RAM ya GB 4, halafu ingia kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla haijawaka) utafute mpangilio wa kitakachotokea umeme ukirudi, uuweke ijiwashe yenyewe. Usipofanya hivyo, umeme ukikatika ukiwa safarini Geita, ubongo wa nyumba unabaki umelala mpaka urudi uubonyeze kwa kidole.

Kuhusu LUKU, maana najua swali linakuja. Kompyuta ndogo pamoja na rauta ukizipa wati 15 kwa pamoja, kwa saa 24 ni wati-saa 360, yaani uniti 0.36 kwa siku. Kwa mwezi ni kama uniti 11. Si bure, lakini friji yako inakula zaidi ya hapo.

Ukishaiweka programu, unaunganisha kompyuta na rauta kwa waya wa mtandao (usitumie waifai kwa ubongo wenyewe), unachukua simu, unaandika homeassistant.local:8123 kwenye kivinjari, na ukurasa unafunguka. Mara nyingi utakuta imeshagundua yenyewe televisheni, printa na baadhi ya soketi zilizo kwenye mtandao wako.

Sasa tuje kwenye lugha za vifaa, yaani njia zinazotumika kuwasiliana bila waya. Hapa ndipo hela nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Waifai kila mtu anaijua. Karibu vifaa vyote vidogo vya waifai hutumia masafa ya GHz 2.4 tu, vya GHz 5 ni nadra. Simu ikiwa kwenye GHz 5, uunganishaji wa kwanza mara nyingi unagoma na mtu anadhani kauziwa kibovu. Zima GHz 5 kwenye rauta kwa dakika chache, unganisha, kisha iwashe. La pili: rauta ndogo za laini ya simu zina kikomo cha vifaa, nyingine 10, nyingine 32. Ukihesabu simu za familia, televisheni na kompyuta ya mtoto, nafasi za taa zimeshaisha. La tatu, na hili tafadhali lishikeni: ukibadili rauta au mtandao wa simu, ipe rauta mpya jina lile lile la waifai na neno la siri lile lile. Vifaa vyote vitarudi vyenyewe. Ukiweka jina jipya utapanda ngazi kwenye kila taa kuanza upya.

Kwenye waifai chagua vile vinavyotii amri ndani ya nyumba. Vya chapa ya Shelly vinafanya hivyo tangu kiwandani. Vile vyenye chipu ya ESP8266 au ESP32 vinaweza kuwekewa programu huru ya Tasmota au ESPHome, na baada ya hapo havihitaji seva ya mtu.

Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa vidogo, ndiyo ninayoipenda kwa sensa. Haili nafasi za rauta, haitaki intaneti, na sensa ya mlango huishi muda mrefu kwa betri moja ya kidonge, CR2032. Unachomeka kipokezi cha USB kwenye kompyuta, basi. Uzuri wake mkubwa ni kwamba vifaa vinavyokula umeme wa ukutani hupokezana ujumbe: soketi ya sebuleni inapokea ya sensa ya jikoni na kuipeleka mbele. Vya betri havipokezi. Kwa hiyo usianze na sensa kumi za betri. Anza na soketi mbili tatu za Zigbee, zitandaze kutoka kwenye ubongo kuelekea nje, ndipo uweke sensa. Kipokezi chenyewe kiweke mwisho wa waya wa USB wa mita moja hivi, mbali na kompyuta, kwa sababu milango ya USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa hayo hayo ya GHz 2.4 na kukiziba masikio.

Z-Wave, mtandao mwingine wa aina hiyo, ni imara, lakini masafa yake hutofautiana kwa nchi: Ulaya ni MHz 868, Marekani ni MHz 908. Ndugu akikuletea kifaa kutoka Marekani na kipokezi chako ni cha Ulaya, havitasikilizana milele. Kwa anayeanza huku, naiacha.

Matter ni kiwango cha pamoja kilichotoka Oktoba 2022, kikiwa na lengo la kuvifanya vifaa vya kampuni tofauti vielewane bila kupita kwenye seva. Ukikuta kifaa chenye alama hiyo na bei ni ya kawaida, chukua. Ila kama kimeandikwa kinatumia Thread (mtandao wa redio unaofanana na Zigbee), jua kwamba kinahitaji kifaa kingine cha kukiunganisha na mtandao wa nyumbani.

Mwisho, cha kuanza nacho. Nawasihi msianze na taa za rangi. Anza na shida iliyomo nyumbani. Kwa wengi wetu wa milimani, kuanzia Isamilo hadi Mabatini na Igogo, shida hiyo ni maji. Yanakuja kwa zamu, mara nyingi usiku, yanaingia simtank ya chini, halafu lazima mtu aamke awashe pampu yapande ya juu. Akisinzia, maji yanamwagika mpaka asubuhi. Akichelewa, tenki la chini limekauka na pampu inazunguka bila maji hadi inaungua.

Mfumo unaweza kubeba kazi hiyo yote. Kanuni inasomeka hivi: kama tenki la chini lina maji, na la juu halijajaa, na volti ziko juu ya 200, washa pampu. Likijaa la juu au likipungua la chini, zima. Kama pampu imewaka muda mrefu kuliko kawaida, zima na unitumie ujumbe. Swichi inayopima wati inakupa kinga ya ziada: pampu inayozunguka bila maji hula wati chache kuliko inayosukuma, kwa hiyo wati zikishuka ghafla, zima.

Maswali karibuni. Nitajibu ninachokijua.

FUNDI UMEME, IGOMA

Mkuu umeandika vizuri. Kwenye pampu naomba niongeze, maana hapa kuna moto.

Pampu ya hp 1 ni wati 746 za kazi, kwenye waya inavuta kama ampea 5. Mtu anaona swichi janja imeandikwa ampea 10 au 16, anasema inatosha. Haitoshi. Namba ile ni ya mzigo wa kawaida kama pasi. Mota inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya hapo kwa muda mfupi, na kila ikianza inaunguza midomo ya swichi kidogo kidogo. Mwisho midomo inagandana. Simu inakuambia imezimwa, pampu inaendelea kuzunguka.

Njia sahihi ni kontakta, yaani swichi kubwa ya mota inayovutwa na sumaku ya koili. Swichi janja iwashe koili ya kontakta tu, na kontakta ndiyo ibebe mota, ikiwa na ovalodi yake (kinga inayokata mota ikizidiwa) iliyopangwa kwa ampea za pampu. Halafu floti (swichi inayoelea) ya tenki la juu ipite kwenye waya huo huo wa koili. Hapo hata kompyuta igande, hata programu iwe na hitilafu, maji yakifika juu floti inakata yenyewe. Kinga ya waya kwanza, akili ya kompyuta juu yake.

Hita ya bafu ya papo kwa papo msiiguse kabisa na hizi soketi. Ya wati 5,000 ni karibu ampea 22.

Na kuhusu swichi za ukutani: nyumba nyingi ninazoingia, boksi la swichi lina waya wa moto unaoingia na unaokwenda kwenye taa, basi. Nyutro haishuki pale, inakwenda moja kwa moja kwenye holda. Swichi janja nyingi zinataka nyutro. Fungua boksi moja uangalie (ukiwa umezima meinswichi) kabla hujaagiza swichi kumi. Zipo zisizohitaji nyutro, lakini kwa balbu ndogo za LED hupepesa mpaka ufunge kapasita kwenye taa. Njia nyingine ni kuficha moduli (swichi janja ndogo isiyo na kitufe) juu darini kwenye holda, kwa kuwa nyutro ipo hapo. Anayejenga sasa, mwambie fundi wako ashushe nyutro kwenye kila boksi, na achague maboksi yenye kina. Waya huo wa ziada ni hela ndogo kabla plasta haijapigwa. Na huyo fundi awe na leseni ya EWURA, jamani.

MLETA UZI

Fundi, umenisaidia sana. Hilo la floti kwenye waya wa koili naomba kila anayesoma alichukue kama lilivyo. Na kipima muda cha kujizima kipangwe ndani ya swichi yenyewe, Shelly na Tasmota vyote vinaruhusu, ili ubongo ukizima katikati ya kazi swichi isisubiri amri isiyokuja. Pia kuna mpangilio wa "umeme ukirudi": kwa pampu weka ibaki imezimwa. Taa za nje zikae kama zilivyokuwa.

Radi je, mkuu? Watu wa huku tunapoteza rauta kila msimu wa mvua.

FUNDI UMEME, IGOMA

Radi zetu ni za kweli, ziwa hili ni kati ya sehemu zinazopigwa sana duniani, hasa usiku. Kinga ya kupanda kwa umeme ghafla (surge) iwekwe kwenye bodi kuu, lakini haifanyi kazi bila ethi nzuri, na hapo ndipo Mwanza inatutesa. Unapigilia ethi rodi, futi mbili umegonga jiwe. Wengine wanaikata na kufukia. Hiyo si ethi, ni pambo. Kwenye mawe unachimba mtaro mrefu, unalaza waya wa shaba kwa mlalo, unaunganisha rodi kadhaa pale penye udongo, unajaza bentonaiti (udongo unaoshika unyevu), halafu unapima kwa kipimo cha ethi. Bila kupima hujui.

Waya wa mtandao unaotoka nje, wa kamera au wa antena juu ya bati, nao huingiza radi ndani. Mvua kubwa ikianza chomoa.

MPANGAJI, NYEGEZI

Habari wakuu. Mimi nimepanga, vyumba viwili, mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kufungua swichi. Naweza kufanya nini?

MLETA UZI

Mengi, na siku ukihama unaondoka nayo. Soketi za kuchomeka, sensa za betri za mlango na joto, balbu. Soketi angalia ziwe za pini tatu bapa, hizi zetu. Za pini za mviringo zitakulazimisha adapta, na adapta zikikaa na mzigo mkubwa hupata moto. Balbu angalia holda, kuna za pini (B22) na za kuzungusha (E27), nyumba moja inaweza kuwa nazo zote mbili.

Balbu janja ina shida moja: mtu akizima ukutani, imekufa, mfumo hauioni. Kwa aliyepanga naona bora taa ya kusimama au ya mezani iliyo kwenye soketi janja, na kitufe kidogo cha Zigbee cha betri ukakibandika karibu na mlango.

Na sina shaka soketi inayopima wati itakufaa zaidi ya taa. Weka friji kwa wiki, weka pasi, weka televisheni, uone kila kimoja kinakula nini. Kama mnachangia LUKU na wapangaji wenzako, mazungumzo yanakuwa na namba.

MAMA WA BWIRU

Nashukuru kwa uzi. Mimi niko karibu na maji kabisa. Taa ya nje ikiwaka usiku, wadudu wa ziwani wanajaa kibarazani, asubuhi tunafagia kwa ndoo. Ukiizima, usalama hakuna. Halafu naishi na mama mkwe, ana simu ya vitufe, mambo ya kuwasha taa kwa programu hayawezi.

MLETA UZI

Mama, shikamoo. Tuanze na mama mkwe, maana yeye ndiye kipimo. Mfumo ambao mzee wa nyumba hawezi kuwasha nao taa kwa kubonyeza ukutani haufai. Kwako usitumie balbu janja kabisa. Tumia moduli inayokaa nyuma ya swichi ya kawaida. Yeye anabonyeza kama alivyozoea, mfumo unajua, na wewe ukiwa sokoni Kirumba unaweza kuzima kwa simu. Hakuna atakayefundishwa kitu kipya.

Wadudu wanafuata mwanga, na mweupe unaoelekea bluu huwaita zaidi kuliko wa njano. Badilisha balbu za nje ziwe za njano ya joto, halafu weka sensa ya mwendo: taa iwe imezimwa, mtu akipita iwake kwa dakika tatu, ikizima. Sensa usiibandike karibu na taa. Wadudu wakitembea juu ya kioo chake, na buibui wanaowafuata wakitanda utando, itadhani kuna mtu na taa itawaka usiku kucha. Iweke upande wa pili wa kibaraza, chini ya kingo ya bati, ikitazama njia. Mfumo pia unajua saa za jua kuzama kwa eneo lako, hivyo mchana kanuni hiyo inalala.

MAMA WA BWIRU

Marahaba mwanangu. La moduli nimelielewa. Nitamtafuta fundi aangalie nyutro kwanza.

MDAU, UKEREWE

Huku kwangu nje kidogo ya Nansio natumia sola, na intaneti ni ya kubahatisha. Je, kuna maana yoyote ya kuhangaika?

MLETA UZI

Kuna maana kubwa, labda kuliko ya wa mjini, kwa sababu mtu wa sola lazima ajue anatumia nini na amebakiwa na nini. Intaneti utaihitaji siku ya kuweka programu na siku za maboresho; baada ya hapo Zigbee na swichi za ndani zinaendelea hata mnara ukilala wiki nzima.

Kwa sola hapo ndipo nakushauri Raspberry Pi badala ya kompyuta ya mitumba, inakula wati 3 hadi 5 tu ikiwa haina kazi kubwa. Ilishe kutoka kwenye betri ya volti 12 kupitia kipunguza volti kinachotoa volti 5 safi. Ukipitisha kwenye inveta unapoteza umeme mara mbili, wa kupandisha na wa kushusha. Chaja nyingi za sola zina mlango wa mawasiliano, na kwa waya wa kufaa Home Assistant husoma volti za betri na ampea za paneli. Kanuni ya kwanza kwako iwe ya kulinda betri: ikishuka chini ya kiwango ulichopanga, zima friji ndogo na soketi za kuchajia, acha taa.

Kwa kupitisha habari kati ya vifaa wengi hutumia MQTT, lugha nyepesi ya kutumiana ujumbe. Ilibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo mawasiliano ni ghali na hukatika, kwa hiyo haina haja na mtandao wa kasi.

MDAU, MUSOMA

Mimi nataka kuiona nyumba nikiwa safarini. Nimefungua mlango wa 8123 kwenye rauta ya laini ya simu lakini haifunguki kutoka nje.

MLETA UZI

Haitafunguka. Mitandao ya simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo hakuna mlango wa kugonga kutoka nje. Na hata ungekuwepo, nakusihi usiuache wazi. Hiyo ni nyumba yako. Njia mbili zinazofanya kazi: huduma ya kulipia ya Nabu Casa, ambayo pia huchangia kuendeleza programu yenyewe, au Tailscale, inayotengeneza njia ya siri kati ya simu na nyumba. Hiyo ya pili ni aina ya VPN (njia ya siri ya mtandao), na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo Oktoba 2023 likiwataka watumiaji wa VPN wajisajili, kwa hiyo fuata utaratibu huo.

Kwa bando, taarifa za maneno hazili kitu. Kamera ndiyo inayokula. Picha ya Mbps 2 ni karibu MB 900 kwa saa, ukiitazama siku nzima ni zaidi ya GB 21. Rekodi ndani ya nyumba kwenye diski, nje utume picha moja tu pale mtu anapoonekana. Nunua kamera inayokubali ONVIF na RTSP (viwango vya wazi vya kamera) ili mfumo uisome bila seva ya kampuni. Ielekee geti lako. Uani kwa jirani hapana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria, jirani ni jirani.

MPANGAJI, NYEGEZI

Nimerudi. Nimeweka kipokezi cha Zigbee, soketi mbili, sensa ya joto na ya mlango. Ndani zote safi. Mwenye nyumba ameniruhusu niweke ya mlango kwenye geti la kutembelea, ila inapotea kila baada ya muda, na wakati mwingine inasema geti liko wazi wakati limefungwa.

MLETA UZI

Hizo ni shida mbili tofauti. Kupotea ni umbali na chuma: ujumbe unatoka geti la chuma, unapita ukuta wa tofali, pengine na wavu wa dirisha. Chukua soketi moja uihamishie chumba kilicho karibu na geti, hata kama huchomeki kitu, iwe ya kupokeza. Ukishaihamisha, toa sensa kwenye mfumo uiunge upya ukiwa umesimama pale pale getini, ili ichague njia ya karibu.

Kusema liko wazi ni sumaku. Ukibandika sumaku moja kwa moja kwenye chuma, nguvu yake inavutwa na geti na sensa haiioni vizuri. Weka kipande cha mbao au plastiki cha sentimita moja chini ya sumaku, na kingine chini ya sensa yenyewe ili antena yake isilale juu ya chuma. Kama bado inasumbua, angalia chaneli: waifai yako ikiwa chaneli 1, Zigbee ihamie 20 au 25. Ukihama chaneli, baadhi ya sensa zitataka kuungwa upya, kwa hiyo fanya sasa ukiwa na vifaa vichache.

MPANGAJI, NYEGEZI

Nimetumia mbao ya fremu ya zamani pande zote mbili, na soketi nimeihamishia dirisha la mbele. Geti linasoma sawa tangu jana asubuhi. Chaneli sijagusa. Sasa nauliza: hiyo sensa ya mvua ikinyesha itapona?

MLETA UZI

Hapana, nyingi za milango ni za ndani. Itie kwenye kiboksi cha plastiki cha mafundi umeme cha nje, tundu la kutolea maji lielekee chini, sumaku ibaki nje upande wa pili. Plastiki haizuii wala sumaku wala mawimbi.